SOMO: Kufunga ekseli ya Hilux kwenye Celica ya zamani

Wakuu habari za huku nyanda za juu. Somo hili ni la wale wenye Toyota Celica za miaka ya 70, zile zenye ekseli ya bomba moja nyuma na koili springi, ambao washatoa injini ya kiwandani wakaweka kubwa na sasa difu (zile gia za katikati ya ekseli) inalia kama inasaga mahindi. Ekseli yenyewe sio mbovu, ilitengenezwa kwa injini yake. Ukiipa nguvu mara mbili alafu ukapanda Mlima Nyoka gia ya pili mguu umezama chini, kitakachoachia ni meno ya pinioni (gia ndogo ya difu inayozungushwa na propela) au hafu shafti (vyuma vinavyopeleka nguvu kutoka difu hadi tairi), na vitaachia ukiwa kwenye kona sio ukiwa gereji.

Ninayoipendekeza ni ekseli ya Hilux, ile ya difu ya inchi 8. Krauni yake (gia kubwa inayozungushwa na pinioni) ina upana wa kama mm 200, hafu shafti zina meno 30, na kichwa cha difu kinachomoka kwa mbele ukifungua nati 10, kwahiyo siku ukitaka kubadili reshio (propela inazunguka mara ngapi kwa mzunguko mmoja wa tairi) unavuta tu hafu shafti kidogo unatoa kichwa unaweka kingine. Na spea ndio usiseme, Hilux ndio gari ya mikoa hii.

Hatua ya 1: jua reshio kabla hujatoa hela. Hapa wengi wanabeba ekseli kwa muonekano tu. Funga tairi moja lisizunguke (au mtu alishike), zungusha lingine mara mbili kamili, hesabu propela (ule mhimili mrefu unaotoka giaboksi kwenda difu) inazunguka mara ngapi. Ikizunguka nne na ka-kipande kadogo hiyo ni 4.1, ikikaribia tano hiyo ni 4.875. Ukiwa na kichwa mkononi hesabu meno, 41 kwa 10 ndio 4.1, 39 kwa 8 ndio 4.875.

Sasa uchague ipi? Tairi ya 185/70 R14 ukiwa km 100 kwa saa, gia ya nne ambayo ni moja kwa moja, reshio ya 4.1 injini inakua kama mizunguko 3,500 kwa dakika, ya 4.875 inafika 4,200. Mtu wa Dar atakwambia weka ndefu (namba ndogo) ule lami, ila sisi tuko mita 1,700 hapa Mbeya mjini, hewa ni nyepesi, injini isiyo na turbo inapoteza karibu sehemu ya sita ya nguvu zake hata kabla hujaanza kupanda. Mimi nasema 4.1 au 4.3 inatosha, 4.875 waachie wanaobeba viazi.

Hatua ya 2: pima upana. Pima kutoka uso wa kufungia rim upande mmoja hadi mwingine, ya zamani na ya Hilux, andika. Usimwamini mtu anayekwambia "zinaingiliana tu". Hilux zipo za aina nyingi, kuna za bolti tano kuna za sita, na Celica yako ina bolti nne, kwahiyo rim za nyuma zitabadilika au utoboe upya kwa fundi wa lesi (mashine ya kukereza chuma) anayejua anachofanya. Ikizidi upana kidogo tafuta rim zinazoingia ndani zaidi. Kukata bomba na kufupisha hafu shafti inawezekana ila meno lazima yakatwe upya na chuma kipikwe upya, ukikosa fundi wa hivyo achana nayo.

Hatua ya 3: hamisha vishikio. Hilux inakalia springi za bapa, Celica inashikwa na mikono minne pamoja na ule mkono mrefu wa kukingama unaozuia ekseli isiende pembeni. Kata vikalio vya springi za bapa kwa grenda, pole pole, usile bomba. Alafu tengeneza vishikio vipya vya bamba la mm 6 kwa kufuata vipimo vya ekseli ya zamani. Usiikate ya zamani kwanza, hiyo ndio ramani yako.

Hatua ya 4: pembe ya pinioni. Hii ndio kazi yenyewe, huko kwingine kote ni kufungua na kufunga. Gari likae chini kwa uzito wake wote, sio kwenye jeki likiwa linaning'inia. Pima pembe ya mkia wa giaboksi, hata kwa programu ya simu sawa. Mkia ukielekea chini nyuzi 3, pinioni inatakiwa ielekee juu nyuzi 3, ziwe sambamba, alafu ishushe pinioni kama nyuzi 1 hivi kwasababu ukikanyaga mafuta bushi zinaminyika na pua ya difu inanyanyuka. Ukikosea hapa gari litatetemeka kuanzia spidi 60 na krosi za propela zitakufa moja baada ya nyingine, na utabadilisha difu tatu ukidhani difu ndio mbovu.

Vishikio vichomelee nukta nukta tu kwanza, rudisha chini ya gari, pima tena, ndio uchomelee. Toa betri, toa hafu shafti na sili zake, na kichwa cha difu kiwe nje. Earth ya mashine iwe karibu na unapochoma. Fimbo za kuchomelea ziwe aina ya 7018 zilizo kavu. Choma vipande vifupi, hama upande, acha ipoe yenyewe, usimwagie maji!! Bomba likipinda utalijua kwa beringi kufa mapema.

Hatua ya 5: propela. Ipimwe gari likiwa chini, ibaki nafasi ya kama mm 25 kabla haijagonga mwisho ndani ya giaboksi, alafu ikafanyiwe balansi.

Hatua ya 6: breki. Ngoma za Hilux ni kubwa na gari yako nyuma ni nyepesi, kwahiyo nyuma itaweza kufunga kabla ya mbele na gari ligeuke. Weka valvu ya kupunguza presha ya nyuma, jaribu sehemu wazi isiyo na watu kwa spidi ndogo, lami ikiwa na maji. Kebo ya hendibreki itahitaji kuungwa.

Hatua ya 7: mafuta ya difu ya daraja la GL-5, kama lita 2.2, jaza mpaka yaguse tundu. Zibua na kile kipumulio cha juu ya bomba, kikiziba difu ikichemka mlimani inasukuma mafuta kwenye sili mpaka kwenye breki.

MASWALI YA WADAU

Mdau, Iringa: Mkuu nikichomelea difu kabisa tairi zote ziende pamoja si ndio imara zaidi?
Jibu: Kwa kudrifti uwanjani sawa. Kwa kona za mlima Kitonga hapana kaka, kwenye kona tairi la ndani linaburuzwa, hafu shafti zinakula mzigo wote, na mvua ikinyesha gari linataka kwenda moja kwa moja. Tafuta kichwa cha LSD (difu inayozuia tairi moja lisizunguke bure), na uangalie mafuta yake.

Mdau, Mafinga: Spidomita itadanganya?
Jibu: Ndio, inasoma kutoka giaboksi. Kama ulikua na 3.9 ukaweka 4.3, ikionyesha 80 wewe uko 72 au 73, tairi zikiwa zilezile. Angalau trafiki hatakulaumu.

Mdau, Njombe: Huku asubuhi baridi kali, mafuta gani?
Jibu: 80W-90 badala ya 90 kavu, inalainika mapema. Dakika za mwanzo usikanyage.

Mdau, Tunduma: Mimi nina Altezza, nafuata hatua hizi hizi?
Jibu: Hapana. Yako nyuma kila tairi linajitegemea, hapo unabadilisha difu, hafu shafti na labda habu, hakuna bomba la kuchomelea.

Mdau, Uyole: Ekseli hii si nzito, gari halitadunda?
Jibu: Litadunda kidogo kwenye vumbi, kweli, badili shokapu za nyuma. Ila ekseli ya bomba sio ushamba, Datsun Violet ilikua nayo nyuma na Shekhar Mehta akabeba Safari Rally mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982.

Mdau, Mwanjelwa: Nimepata kichwa, nikifungue nirekebishe krauni?
Jibu: Kama hakina kelele wala chuma kwenye mafuta usikiguse. Pima tu uchezaji wa krauni kwa daili geji (saa ya kupimia mwendo mdogo), 0.13 hadi 0.18 mm. Ikizidi hapo mpelekee fundi wa difu, sio wa injini.