Jinsi ya kupanga efekti za kinanda kulingana na ukumbi unaopigia

Wapigaji wengi wa kinanda katika kwaya za Dodoma huziacha efekti kama zilivyotoka kiwandani, na ndiyo maana chombo kilichosikika vizuri nyumbani hugeuka mvumo usioeleweka kikifikishwa kanisani. Mtengenezaji alizipanga akimfikiria mtu aliyeketi chumbani, karibu na spika ndogo za kinanda chenyewe, si jengo lenye kuta za saruji, sakafu ya vigae na paa la bati lisilo na dari. Utaratibu ninaoufuata mimi ni kuondoa efekti zote kwanza, kisha kurudisha moja moja kadiri jengo linavyoruhusu. Mifano yangu inatokana na vinanda vya Yamaha vya mfululizo wa PSR, lakini mantiki ni ileile kwa Casio, Roland na Korg, ingawa majina ya vitufe na mahali vilipo hutofautiana.

Kabla ya kugusa kitufe chochote, elewa kwamba efekti za kinanda ziko katika makundi mawili. Kundi la kwanza ni la efekti za pamoja, yaani riverbu (mwangwi wa kuigiza chumba au ukumbi) na korasi (efekti inayofanya chombo kimoja kisikike kama kadhaa): kinanda kizima kina riverbu moja, na kila sauti, iwe piano, vayolini au ngoma za mdundo, hupeleka humo kiasi chake. Kwa hiyo ukibadilisha aina ya riverbu umebadilisha chumba cha wote, lakini ukipunguza kiasi cha riverbu cha sauti moja, zile nyingine hazitaguswa. Kundi la pili ni la efekti zinazobandikwa kwenye sauti husika peke yake, ambazo kwenye vinanda vingi hukaa chini ya kitufe cha DSP. Mpigaji asiyejua tofauti hii huhangaika kupunguza mwangwi wa piano kwa kubadilisha aina ya riverbu, kisha anashangaa kwa nini vayolini nazo zimekauka.

Hatua ya kwanza: kagua waya

Tundu la sauti la vinanda vingi vidogo ni moja na ni la stirio, nalo hutumika pia kwa visikilizio. Ukichomeka jeki ya mono ya gitaa kwenye tundu hilo, upande wa kulia wa sauti hupotea, na pamoja nao hupotea sehemu ya piano na sehemu ya korasi. Tumia waya wenye jeki ya stirio upande wa kinanda na jeki mbili upande wa mikisa (mashine ya kuchanganya sauti). Kama kinanda chako kina matundu mawili na mikisa imebakiza nafasi moja tu, tumia lile lililoandikwa L/L+R, kwa sababu ndilo linalochanganya pande zote mbili. Efekti zilizopangwa kwa waya usiofaa zitabidi zipangwe upya siku waya utakapobadilishwa.

Hatua ya pili: ondoa kila kitu

Chagua sauti ya piano, zima DSP, kisha ingia kwenye menyu ya FUNCTION na ushushe kiasi cha riverbu na cha korasi hadi sifuri. Viwango hivi kwa kawaida huanzia 0 hadi 127. Muombe pia fundi mitambo azime riverbu ya mikisa kwenye mkondo wa kinanda, kwa maana mara nyingi riverbu mbili huwa zinafanya kazi kwa wakati mmoja na kila mtu anamlaumu mwenzake.

Hatua ya tatu: sawazisha besi na trebo

Piga akodi kwa mkono wa kushoto chini ya C ya katikati, na mtu mwingine asimame katikati ya ukumbi asikilize. Kama besi inanguruma, ipunguze kwenye ikwalaiza ya kinanda kabla ya kufikiria efekti nyingine yoyote. Vinanda vingi vina ikwalaiza zilizopangwa tayari, mojawapo ikiwa ya spika za ndani na nyingine ya visikilizio. Ile ya spika za ndani mara nyingi huongeza besi ili kufidia udogo wa spika hizo, hivyo haifai kupelekwa kwenye spika kubwa za ukumbi.

Hatua ya nne: riverbu

Hapa ndipo penye kazi kubwa. Sauti husafiri takribani mita 340 kwa sekunde. Ikigonga ukuta ulio umbali wa mita 17 na kurudi, imechelewa kwa sehemu ya kumi ya sekunde, na katika wimbo wa mapigo 120 kwa dakika, muda huo ni sehemu ya tano ya pigo. Maana yake ni kwamba jengo lenyewe tayari linapiga noti zako mara ya pili. Ukiongeza juu yake riverbu ya ukumbi mkubwa, noti zinapandana, na waimbaji wanaotegemea kinanda kushika mwendo huanza kuchelewa.

Chagua aina ya chumba kidogo badala ya ukumbi, kisha pandisha kiasi taratibu kuanzia sifuri huku ukipiga wimbo wa haraka, siyo wa polepole, kwa kuwa wimbo wa polepole husamehe mengi. Ukifika mahali ambapo msikilizaji wako wa katikati hatenganishi tena noti mbili zinazofuatana, rudi nyuma kidogo. Katika majengo ya bati na saruji mara nyingi mimi huishia kati ya 10 na 30 kwa piano. Vayolini na sauti nyingine za kujaza nyuma zinaweza kupewa zaidi, kwani hazibebi mdundo. Besi na ngoma ziache kavu, ikiwa kinanda chako kina ukurasa wa mikisa unaoruhusu kuzipanga peke yake.

Zingatia pia kwamba miili na nguo za watu humeza sauti. Ukumbi ulio mtupu siku ya mazoezi huvuma kuliko utakavyovuma Jumapili ukiwa umejaa, hivyo mpangilio unaoonekana mkavu kidogo tu wakati wa mazoezi huenda ukawa mkavu mno kwenye ibada. Kwenye mkutano wa nje, tuseme Uwanja wa Jamhuri, hakuna kuta za karibu za kukurudishia sauti, na hapo riverbu ya ukumbi ina kazi halali. Usiogope kufika 50 au zaidi.

Wanaoiga ilimba ya Wagogo kwa sauti ya kalimba wawe waangalifu zaidi. Uzuri wa chombo hicho, ambacho marehemu Hukwe Zawose alikifikisha katika majukwaa ya nchi nyingi, uko katika vidole gumba viwili vinavyopokezana kwa kasi, na riverbu ndefu hulifuta pokezano hilo lote.

Hatua ya tano: korasi

Korasi huchukua nakala ya sauti, huichelewesha kidogo sana na kuiyumbisha kidatu (kimo cha sauti), ili chombo kimoja kisikike kama kadhaa. Inapendeza kwenye piano ya umeme na gitaa. Kwenye piano ya kawaida inayoongoza waimbaji, iache sifuri, kwa sababu kidatu kinachoyumba huwapotezea sauti.

Hatua ya sita: DSP

Kwa sauti ya ogani, tafuta aina ya spika inayozunguka, inayoiga kifaa cha Leslie. Ipe mwendo wa polepole kwenye beti na wa haraka kwenye kilele cha wimbo, badala ya kuiacha ikizunguka kwa kasi kuanzia mwanzo. Kwa solo la gitaa kwenye sebene, tumia dilei (efekti inayorudia sauti baada ya muda mfupi), lakini ipatanishe na mwendo wa wimbo: gawanya 60,000 kwa idadi ya mapigo kwa dakika, nawe utapata urefu wa pigo moja kwa milisekunde. Wimbo wa mapigo 120 unatoa 500, na nusu yake, 250, huwa inatosha. Dilei isiyopatana na mdundo inasikika kama mpigaji wa pili aliyechelewa kufika.

Hatua ya saba: hifadhi

Vinanda vingi hurudisha efekti za kiwandani kila unapochagua sauti upya, na vingine pia umeme unapokatika. Kwa hiyo kila ukimaliza kupanga sauti moja, shikilia kitufe cha MEMORY na ubonyeze namba unayotaka, kisha siku ya ibada ita namba hiyo badala ya kutafuta sauti kwenye orodha. Tenga benki moja (kundi la namba za kumbukumbu) kwa ajili ya kanisani na nyingine kwa mikutano ya nje, na kama kinanda kina tundu la USB, weka nakala kwenye flashi. Usimruhusu mtu awashe kinanda huku ameshikilia kibonye cheupe cha mwisho upande wa kulia, kwani kwenye vinanda vingi vya PSR kufanya hivyo hufuta yote uliyohifadhi.