Namna ya Kutazama Matoleo Mawili ya Filamu Moja ya Mwaka 1930

Anayetaka kuzielewa filamu za vichekesho na nyimbo zilizotengenezwa Ujerumani sauti ilipoingia katika sinema asitafute filamu moja, bali atafute matoleo mawili ya filamu hiyo hiyo. Ninapendekeza Die Drei von der Tankstelle ya mwaka 1930, iliyoongozwa na Wilhelm Thiele kwa kampuni ya Ufa, pamoja na pacha wake wa Kifaransa, Le chemin du paradis. Wakati huo kubadilisha maneno juu ya picha iliyokwisha kupigwa kulikuwa kugumu na matokeo yake hayakuridhisha, huku soko la Ufaransa halikufaa kuachwa. Kwa hiyo filamu ilipigwa upya kwa lugha ya pili, kwa muziki ule ule wa Werner Richard Heymann lakini kwa waigizaji wengine. Lilian Harvey, mzaliwa wa London, alibaki katika matoleo yote mawili, ilhali Willy Fritsch alimpisha Henri Garat.

Sisi tuliokulia katika vibanda vya video vya Dodoma tumezoea njia iliyo kinyume cha hiyo: picha inabaki moja, na mtafsiri anaisimulia kwa Kiswahili juu ya sauti za waigizaji, akiongeza utani wake. Ninaiheshimu sana kazi hiyo, ila katika zoezi hili msimulizi anyamaze, kwa kuwa tunachokitafuta kimo ndani ya sauti zenyewe.

Ukionyesha uani, subiri giza liingie vizuri, na shuka jeupe ulifunge pembe zote nne, maana upepo wa hapa mwezi Julai na Agosti hulijaza kama tanga na nyuso zote hupinda. Tafuta spika nzuri kabla ya kuhangaikia projekta; sauti ya 1930 ni nyembamba, hivyo punguza besi na uiweke spika karibu na shuka. Kisha simulia kisa kwa ufupi: vijana watatu wanarudi kutoka safarini na kukuta wamefilisika, wanauza gari lao, wanafungua kituo cha mafuta, na wote wanampenda binti mmoja bila kuambiana.

Anza na tukio la dalali wa mahakama kwa Kijerumani, simamisha, halafu onyesha lile lile kwa Kifaransa. Wajerumani huiita kwa utani lakiri inayobandikwa kwenye samani zilizokamatwa "Kuckuck", yaani ndege kekeo, kwa kumdhihaki tai aliyekuwa akichorwa juu yake zamani. Mfaransa hana utani huo, kwa hiyo waulize watazamaji wamesikia nini mahali pake, na kama kicheko kimeangukia pale pale.

Baada ya hapo rudi kwenye wimbo wa urafiki, ambao ndio moyo wa zoezi lote. "Ein Freund, ein guter Freund" una silabi sita, na "Avoir un bon copain" vilevile sita. Wapigie makofi polepole hadi kila mtu azihesabu mwenyewe. Zote mbili huishia kwenye silabi yenye mkazo, palepale muziki unapokanyaga. Sasa waombe waweke Kiswahili. Wengi wataanza na "Rafiki wa kweli", ambayo nayo ni silabi sita, lakini mkazo wetu hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo "kwe" itawahi na "li" itaachwa peke yake juu ya noti nzito. Usiwasahihishe haraka, waache waimbe mara tatu au nne mpaka masikio yao yenyewe yakatae, kisha wajaribu "Rafiki wa karibu", ambapo "ri" inaikuta noti ya sita na "bu" inamwagikia nyuma yake.