Kuandaa mhadhara wa mgeni katika taasisi ya utafiti, Bagamoyo

Mgeni anayekuja kuzungumzia, tuseme, chanjo ya malaria, aandikiwe wiki 6 kabla. Mwombe kichwa cha mada, muhtasari wa maneno 150, na slaidi siku 2 kabla ya kikao, pamoja na nakala ya PDF. Hapa ndipo mengi huharibika: faili likifunguliwa kwenye kompyuta nyingine, herufi hubadilika, michoro husogea na video hugoma.

Kutoka Dar es Salaam ni kama kilomita 70, lakini foleni ya Tegeta na Bunju haipimwi kwa kilomita. Anayetoka mjini siku hiyohiyo usimpangie saa 3 asubuhi. Saa 5 inafaa. Ijumaa, kikao kisipite saa 6 ili watu wawahi swala.

Dakika 60 zigawe hivi: utambulisho 3, mhadhara 40, maswali 17. Mwenyekiti amwonyeshe mgeni kadi zikibaki dakika 5, la sivyo muda wa maswali ndio unaoliwa, na hayo ndiyo tunayomwitia. Swali la kwanza apewe mtafiti kijana. Wakianza wakubwa, wadogo hunyamaza.

Nusu saa kabla, jaribu projekta kwa kompyuta ileile itakayotumika, funga mapazia, kisha kaa kiti cha nyuma kabisa usome slaidi. Umeme ukikatika, projekta ya balbu huhitaji dakika kadhaa ipoe kabla ya kuwaka tena. Kwa hiyo chapisha michoro mikuu, nakala 10 zinatosha kupitishwa mkononi.