Kuanza kurusha ndege ndogo ya umeme Lubumbashi bila kutoboa mfuko

Anayetaka kujifunza kurusha ndege inayoongozwa kwa redio huanza kwa kuuliza bei ya ndege, ilhali angepaswa kuuliza kwanza bei ya vile vitu ambavyo havitavunjika. Ndege ya kwanza itaanguka, na huenda ya pili pia. Rimoti na chaja zitabaki mkononi miaka mingi. Fedha na zielekezwe huko, na mwili wa ndege uwe wa bei ndogo kiasi kwamba ukipasuka hautakunyima usingizi. Umeme ndio unaowezesha mpango huu, kwa sababu injini ndogo za methanoli hudai mafuta maalumu yasiyouzwa kwenye kituo cha petroli, hali betri huchajiwa nyumbani, au kutoka kwenye betri ya gari ya volti 12 umeme unapokatika.

Hatua ya 1: Ndege yenyewe

Chagua ndege ambayo bawa lake limekaa juu ya mwili na ncha zake zimeinuka kidogo, kwa kuwa bawa la namna hiyo hujirudisha lenyewe likilala upande mmoja. Upana wa mita 1 hadi 1.2 unatosha, na njia tatu za kuongoza zinatosha pia: mota, mkia wa kulala na mkia wa kusimama. Mji wetu uko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kwa karibu sehemu moja ya kumi kuliko ya pwani, hivyo ndege ileile hulazimika kwenda kasi zaidi ili isidondoke. Ndiyo maana kila gramu ina uzito wake hapa. Ndege za umbo la kivita ziache dukani, hata muuzaji akizisifu vipi.

Ukiamua kukata mwili mwenyewe kwa frigoliti, ile nyeupe inayofungashia televisheni, jaribu gundi yako kwanza kwenye kipande cha kutupa. Gundi nyingi za haraka huiyeyusha. Mimi nilipoteza bawa zima kwa namna hiyo kabla halijaonja upepo.

Hatua ya 2: Betri

Hapa usifanye haraka. Betri ya lithiamu ya seli tatu, volti 11.1 na miliampea-saa 1,300, huiendesha ndege ya ukubwa huu vizuri. Ichaji kwa ampea 1.3, kwa chaja inayosoma kila seli peke yake, hadi volti 4.2 kwa seli na si zaidi, ikiwa juu ya sakafu ya saruji, nawe ukiwapo. Betri iliyovimba usiihurumie, iache. Anayekuletea betri kutoka Dubai au Johannesburg kwa ndege azibebe kwenye mzigo wa mkononi, ncha za nyaya zikiwa zimefunikwa, kwani betri za akiba haziruhusiwi kwenye mizigo ya chini.

Hatua ya 3: Mizani

Ondoa propela kabla ya kujaribu mota mezani. Kisha weka betri ndani, inua ndege kwa vidole viwili chini ya bawa, kwenye robo hadi theluthi ya kina cha bawa, yaani kutoka ukingo wa mbele kwenda ukingo wa nyuma. Ikilala sawa au ikiinamisha pua kidogo, ni vyema. Ikikalia mkia, sogeza betri mbele.

Hatua ya 4: Mahali na saa

Omba ruhusa kwa mwenye shamba na kwa viongozi wa mahali, na uulize masharti ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Kaa mbali kabisa na uwanja wa ndege wa Luano, migodi na kambi za jeshi. Tafuta uwanja usio na vichuguu. Vyetu ni virefu kuliko mtu, na ndege hupenda kuvifuata. Asubuhi za kiangazi, mapema kabla upepo haujaamka, ndiyo saa ya mwanafunzi.

Hatua ya 5: Kuruka

Washa rimoti kwanza, ndipo uunganishe betri; unapomaliza, tenganisha betri kwanza. Mwenzako asimame nyuma ya bawa, airushe kwa usawa kuelekea upepo, mota ikiwa inazunguka. Panda juu kabla ya kupinda, kwa kuwa kimo hukupa muda wa kurekebisha kosa. Ndege inapokujia usoni, kulia na kushoto hubadilishana: sukuma kijiti upande wa bawa lililoinama, nalo litainuka. Weka saa ilie baada ya dakika sita, utue hata kama unatamani mzunguko mmoja zaidi.

Nyumbani, betri ambayo haitatumika kesho irudishwe kwenye volti 3.8 kwa kila seli, ikae kwenye sufuria kuukuu, mbali na mapazia na mbali na watoto.