Mwenyeji wa seva anafunga: hamisha hifadhidata kwanza

Parse, huduma ya kuhifadhi data za programu za simu, ilipotangaza kufungwa, 28 Januari 2016, iliwapa wateja mwaka mzima na mpangilio wa kufuata: hifadhidata ihame kwanza, seva ifuate. Mpangilio huo unamfaa hata leo yeyote ambaye Parse Server yake (programu huria ya seva iliyoachwa na Parse) iko kwa mwenyeji anayefunga. Sababu ni simu za watumiaji. Toleo la zamani la programu limebeba anwani ya zamani, na mtu anayebana bando hasasishi leo wala kesho. Seva zote mbili, ya zamani na mpya, zikisoma hifadhidata moja, matoleo yote yanaona data ileile.

Usiku, zuia uandikaji, kisha toa data na kuirudisha upande mpya (anwani hapa ni za hifadhidata za MongoDB):

mongodump --uri="ANWANI_YA_ZAMANI" --gzip --archive=data.gz
mongorestore --uri="ANWANI_MPYA" --gzip --archive=data.gz

Linganisha idadi ya rekodi za _User (watumiaji) na _Installation (simu zilizosakinisha programu) pande zote mbili, ndipo uielekeze seva ya zamani kwenye hifadhidata mpya kupitia databaseURI, mpangilio wa seva wenye anwani ya hifadhidata. Usichote watumiaji kwa REST, yaani kwa maombi ya wavuti kwenye seva: nywila hazitoki huko, na kila mtu atalazimika kuweka mpya. Kwa mongodump zinakuja zikiwa zimefichwa kwa bcrypt, njia ya kuficha nywila, na zinaendelea kufanya kazi.

Seva mpya iwe na appId (kitambulisho cha programu) ileile na toleo lilelile la Parse Server. Kupandisha toleo kunaweza kusubiri. Hitilafu mbili kwa mpigo ni vigumu kuzitenganisha. Kuanzia toleo la 6, masterKey, ufunguo wenye ruhusa zote, kwa kawaida hukubaliwa kutoka mashine yenyewe tu, kwa hiyo skripti za nje zitakataliwa mpaka uandike IP zake kwenye masterKeyIps. Anwani ya seva mpya iwe ya kikoa chako mwenyewe, usije ukarudia kazi hii, na kwenye Android iishie na mkwaju: /parse/.

Mafaili ndiyo husahaulika. Rekodi hubeba jina la faili tu. Yaliyo kwenye GridFS, yaani ndani ya hifadhidata yenyewe, yamekuja na mongodump. Yaliyo kwenye ndoo ya S3 (hifadhi ya mafaili ya Amazon) ya mwenyeji yataondoka naye, basi yanakili kwako kwa majina yaleyale.

Kwa arifa za Android, baki na mradi uleule wa Firebase, huduma ya Google inayozituma. Tokeni, vitambulisho vya simu za kupokea arifa, zimefungwa kwenye mradi. Ukifungua mwingine, zote zilizomo _Installation hazifai tena.

Toa toleo jipya la programu, kisha soma logi za seva ya zamani kila siku. Ukiona maombi bado ni mengi wiki mbili kabla ya kufungwa, watumie arifa wenye toleo la zamani: appVersion imo kwenye _Installation.