Jinsi ya kujitengenezea kebo ya krosova uunganishe kompyuta mbili moja kwa moja

Una kompyuta mbili, unataka kuhamisha mafaili mazito, flashi imeshakuchosha, swichi huna ruta huna, hapo krosova, yaani kebo ya mtandao iliyopishanishwa waya upande mmoja, inamaliza kazi. Ila kabla hujakata waya jaribu kwanza kebo ya kawaida, maana mashine nyingi za siku hizi, hasa zenye poti ya gigabiti, zinapishanisha kutuma na kupokea zenyewe. Krosova ni ya zile za zamani za kasi ya megabiti 10 au 100 kwa sekunde.

Tafuta kebo ya Cat5e (kebo ya mtandao yenye waya nane ndani) isiyozidi mita 100, koleo la kubania, na vichwa vya RJ45 viwili (vile vya plastiki vya kuchomeka kwenye poti ya mtandao), chukua na vya akiba kwa sababu kichwa kikishabanwa hakitumiki tena.

Mchezo wenyewe uko hivi: kwenye poti ya kompyuta pini 1 na 2 zinatuma, 3 na 6 zinapokea. Kwa kebo ya kawaida mashine zote mbili zinaongea kwenye waya zilezile na hakuna anayesikiliza, kwa hiyo upande mmoja tunabadilisha nafasi za orenji na kijani, basi.

Chuna ganda la nje kama sentimita 3, taratibu usije ukajeruhi waya za ndani, halafu zinyooshe. Shika kichwa ulimi wake ukiwa chini na mdomo wa kuingizia waya ukielekea kwako, pini 1 iko kushoto.

Upande wa kwanza: nyeupe-kijani, kijani, nyeupe-orenji, bluu, nyeupe-bluu, orenji, nyeupe-kahawia, kahawia.

Upande wa pili: nyeupe-orenji, orenji, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia.

Hapo katikati ndipo wengi wanapoharibu, wanaona bluu imeingia kati ya rangi mbili zinazofanana wanasema hii haijakaa vizuri, wanazipanga rangi zikae na wenzake. Usifanye hivyo!! 3 na 6 lazima ziwe jozi moja iliyosokotwa pamoja, ukiitenganisha taa inaweza kuwaka vizuri tu lakini mafaili yanakwenda kwa kusuasua, na testa (kifaa cha kupima kebo) ya bei rahisi haioni kosa.

Kata ncha zilingane zibaki milimita 13 hivi, sukuma mpaka uone shaba mbele kabisa ya kichwa, na ganda la nje nalo liingie ndani libanwe, la sivyo ukivuta kidogo tu waya zinachomoka. Bana kwa nguvu.

Chomeka, halafu kwenye mipangilio ya mtandao weka IP (anwani ya kompyuta kwenye mtandao) kwa mkono: moja 192.168.1.1, nyingine 192.168.1.2, maski 255.255.255.0 kote, geitiwei (anwani ya njia ya kutokea nje) acha wazi. Kwenye ile ya kwanza fungua dirisha la amri uandike ping 192.168.1.2, kuona kama ya pili inajibu. Kama taa zinawaka ila jibu hakuna, usikimbilie kukata kebo upya, angalia faiawoli (ulinzi wa kompyuta unaozuia mawasiliano ya kuingia) kwanza, Windows mara nyingi inazuia ping yenyewe.