Somo: Leseni ya mashine za kamari kwenye kiwanja cha mbio za farasi kule Pennsylvania, hatua kwa hatua (na maswali yenu chini)

Jambo wandugu, wa Bukavu, Goma, Uvira, Lubumbashi na nyinyi mlioko mbali. Wengi mnanijua, niko na ka-sekretaria hapa Kadutu, napiga dosie, natoa fotokopi, natafsiri, na siku hizi karatasi za Marekani njo zinanilisha. Mdogo wangu anakaa Erie, Pennsylvania, kule ndugu zetu wa Kivu ni wengi, na mji ule uko na kiwanja cha mbio za farasi, Presque Isle Downs, ambacho toka 2007 kiko na mashine za kamari ndani. Yeye alitaka kazi ya fundi wa mashine mu jimbo lile, akanitumia karatasi kwa WhatsApp, kurasa na kurasa, eti yaya nisaidie kuelewa wananiuliza nini. Nilisoma masiku matatu, kisha nikaingia mpaka mu sheria yenyewe juu nilitaka kujua kwa nini mtu wa kushika bisibisi tu anaulizwa maswali kama anataka kuwa waziri. Nilipoelewa nikasema hii haifai nibaki nayo mwenyewe.

Naongelea Pennsylvania, kila jimbo la Marekani liko na sheria yake, msichukue hii mukaipeleka Florida.

Mbele ya hatua, muelewe farasi wanaingiaje humu. Viwanja vya mbio vilikuwa vinakauka, watu wamehamia kasino na loto, majukwaa matupu. Rhode Island ikaweka mashine kwenye kiwanja cha mbio za mbwa 1992, West Virginia ikapitisha sheria yake 1994, Iowa na Delaware wakawasha mashine zao 1995. Mashine ikae pale pale kiwanjani, na sehemu ya pesa yake irudi kwa farasi, kwenye zawadi za mbio na kwa wafugaji. Pennsylvania ilikuja nyuma, gavana Ed Rendell alitia sinyatire tarehe 5 Julai 2004, sheria wanaiita Act 71, na jina lake refu linataja maendeleo ya farasi wa mbio kwanza, kamari inafuata. Mushike hilo, hatua zote zinatoka pale.

Hatua ya 1: farasi wakimbie kwanza

Leseni ya kiwanja inaitwa Kategoria 1. Huwezi kuiomba kama hauna leseni ya kuendesha mbio kutoka tume ya mbio za farasi ya jimbo, mbio za kweli, farasi wa kweli, watu wanabeti pesa inaingia kapu moja na waliotabiri vizuri wanagawana baada ya kiwanja na serikali kukata chao. Zamani tume zilikuwa mbili, moja ya farasi wa kupandwa na ingine ya wale wa kuvuta kigari, toka 2016 imebaki moja. Na usifikiri utakimbiza farasi mwaka mmoja kisha ufunge mazizi ubaki na mashine tu, mbio zikisimama na leseni ya mashine inaingia hatarini. Jimbo zima sheria iliweka nafasi saba tu za Kategoria 1. Kategoria 2 ni kasino bila kiwanja, ya 3 ni hoteli za mapumziko, hizo tuache.

Hatua ya 2: wenye mali wachunguzwe

Anayetoa leseni ni bodi ya kamari ya jimbo, Pennsylvania Gaming Control Board. Iko na watu 7 wenye kura, 3 wanawekwa na gavana, 4 na wakubwa wa bunge, na leseni kama hii haipiti mpaka wale 4 wote wa bunge wakubali pamoja na angalau mmoja wa gavana. Yaani mmoja tu wa bunge akikataa, imekwama. Mimi nimeishi mji ambapo sinyatire moja inafungua milango yote, kwa hiyo hapo nilisimama nikasoma mara mbili.

Kampuni peke yake haitoshi kujaza fomu. Wenye hisa kubwa, wakurugenzi, wakubwa wa kazi, kila mmoja anafungua dosie yake: alama za vidole, kodi amelipa ama hajalipa, madeni, kesi, pesa ya kununulia biashara ilitoka wapi. Mzigo wa kuonyesha kama uko safi ni wako muombaji, bodi haina kazi ya kuhangaika kuonyesha kama uko mchafu. Na gharama ya kukuchunguza unalipa wewe.

Hatua ya 3: makuta (pesa)

Ada ya Kategoria 1 iliwekwa dola milioni 50, unalipa mara moja. Halafu kodi, zaidi ya nusu ya kile mashine inabakiza baada ya kulipa walioshinda inaondoka: 34% inaenda kwa jimbo, ambalo linatumia kupunguzia watu kodi ya nyumba, ingine inaenda mfuko wa farasi, ingine kwa mji na wilaya penye kiwanja.

Hatua ya 4: mashine yenyewe

Hapa njo wengi wanafikiri somo linaanza. Kumbe mashine inakuja baada ya yote ile. Anayeitengeneza lazima awe na leseni ya bodi, anayeiuza awe na yake. Bodi iko na maabara yake, aina ya mashine inapimwa mule na programu yake ndani inaangaliwa mbele ya kuruhusiwa kuguswa na mteja. Kiwanja kimoja hakipitishi mashine 5,000. Na huibebi tu usiku kwa kamiyo, kila mashine inayoingia, kutoka ama kuhamishwa lazima iandikwe na bodi ijue.

Kisha kila mashine inafungwa waya kwenye kompyuta moja kubwa iliyo chini ya wizara ya mapato ya jimbo. Ukiweka dola, serikali imeiona dakika ile. Mwenye kiwanja hawezi kusema jioni leo hatukuuza, juu hesabu haiko mu daftari lake peke yake. Mimi kwangu hii njo moyo wa sheria yote, ingine ni mapambo.

Na mashine lazima irudishe kwa wachezaji angalau 85% ya kile kinachobetiwa. Nimejua mtauliza, nimejibu chini.

Hatua ya 5: watu wa kazi

Hapa njo penye dosie ya mdogo wangu kwa hiyo mnivumilie nikiongea sana. Wafanyakazi wako ngazi tatu. Wakubwa wenye kuamua, hao wanaomba leseni ya mfanyakazi mkuu. Wanaogusa kamari kwa mkono, fundi wa mashine, mwenye kulipa wateja, wa chumba cha kuhesabia pesa, hao wanaomba kibali cha kazi ya kamari. Wale wa jikoni na usafi ambao kazi yao inapita maeneo yale, hao wanaandikishwa tu, ni rahisi zaidi. Maombi yanapita kwa mtandao wa bodi, picha, alama za vidole, historia ya kazi na makazi, kodi, kesi.

Shida yetu sisi haikuwa kesi, mdogo wangu hajawahi kulala hata buloko. Shida ilikuwa jina. Sisi tuko na jina, postnom (jina la pili la kwetu) na prénom (kama la ubatizo). Attestation ya kuzaliwa iliyotoka biro moja ya hapa iliweka postnom mwisho, karatasi ya kambi ya wakimbizi iliiweka katikati, diplome ya shule haina prénom kabisa. Kwa macho ya Mmarekani hao ni watu watatu! Dosie ikarudi na maswali, tukapoteza miezi miwili. Nilichofanya: nilichukua karatasi zote nikazipanga kwenye meza, nikaandika kwenye ukurasa mmoja kila namna jina lake limewahi kuandikwa, karatasi gani, mwaka gani, tukaambatisha, na pale fomu inauliza majina mengine uliyowahi kutumia akaweka yote matatu. Ikapita. Nawaomba sana wandugu, kile kisanduku cha majina mengine msikiache wazi eti hamjawahi kubadilisha jina, aliyelibadilisha ni mwenye kuandika, na ukikiacha wazi inaonekana umeficha.

Hatua ya 6: nyumba

Kamera kila kona, chumba cha kuhesabia, maandishi ya nani anashika ufunguo gani, yote bodi inaidhinisha mbele ya kufungua. Chini ya miaka 21 hachezi. Wakishamaliza wanafanya siku ya majaribio watu wa bodi wakiwa wamesimama pale. Wa kwanza kufungua jimbo zima ilikuwa Pocono Downs, tarehe 14 Novemba 2006, yaani sheria ya Julai 2004 imechukua zaidi ya miaka miwili mpaka mtu wa kwanza akabonyeza.

---

MASWALI YENU

Mama Mapacha, Panzi: Aksanti yaya kwa somo. Hiyo 85% ni kusema nikiweka dola 100 nitarudi na 85?

Hapana mama, na hapa njo watu wanapotea. 85% inahesabiwa kwa kila kinachobetiwa, sio kwa kile ulitoka nacho mu mkoba, na inahesabiwa kwa muda mrefu, watu wengi, mabonyezo mengi sana. Tuseme unabonyeza dola 1 kila mara, na unabonyeza mara 400, ni kitu unaweza kumaliza kwa saa moja. Umebeti dola 400, hata kama mkobani mlikuwa 100 tu, juu kile unashinda unakirudisha tena ndani. Kwa 85% mashine inabakiza kama 60. Saa ya pili ingine 60. Kwa hiyo zile 100 zimeisha kabla jua halijashuka, na sheria haijavunjwa hata kidogo. Mwingine siku ile ile ataondoka na 500, hiyo pia iko ndani ya hesabu. Ile namba inakulinda na mwenye mashine asiyekuwa mwaminifu, haikulindi na mashine.

Kijana wa Birere, Goma: Mukubwa, mimi niko na rafiki anataka kuleta mashine kumi za jeton tuweke kwa maduka. Tunaweza fwata hizi hatua hapa kwetu?

Ndugu, hatua hizi ni za Pennsylvania, hapa kwetu hazina nguvu. Kongo tuko na SONAL, ile kampuni ya serikali ya loto, na pesa za serikali za vibali na ada zinapita DGRAD. Anza pale, kwa barua, ubaki na kopi yenye muhuri wa kupokelewa. Usikubali mtu akuuzie karatasi ya mkono kwenye baa eti inatosha, siku wakija kubeba mashine hutamuona.

Na nikuambie kitu kimoja nilichoona kwa macho. Kwenye kona moja hapa karibu na soko kulikuwa mashine kama hizo mbili, kibao cha kukaa, taa zinawaka nyekundu na kijani. Mtoto wa miaka kumi hivi alisimama pale na kikapu kitupu chini ya kwapa, mama yake alimtuma makala (mkaa). Anabadilisha franga kwa jeton, anabonyeza, anabadilisha tena. Hakuna mtu alimuuliza umri, mwenye mashine alikuwa anamrudishia chenji. Alipomaliza alibaki amesimama anaangalia kikapu. Mimi nilimnunulia makala siku ile, lakini kesho yake sikuwa pale. Kama mnaleta hizo kumi, andikeni kwanza nani atasimama mlangoni.

Mwanafunzi wa droit (sheria), Lubumbashi: Je, wananchi wa mahali wanaulizwa mbele mashine ziingie?

Swali zuri sana. Pennsylvania hapana, bunge liliamua. West Virginia ndiyo, wilaya inapiga kura: Jefferson, penye kiwanja cha Charles Town, walikataa 1994, wakarudi kukubali 1996. Na kule mwenye kiwanja lazima aonyeshe mkataba na wenye farasi, pesa zao zitagawanywa namna gani. Florida jimbo zima lilipiga kura 2004 kuruhusu wilaya mbili zijiamulie, Broward ikakubali 2005, Miami-Dade ikakataa mwaka ule ule, kisha ikakubali Januari 2008. Ukiandika memwari yako uangalie hilo, nani anaulizwa na mara ngapi, hakuna sheria niliyoona inayosema mtu akikataa asiulizwe tena.

Shemeji wa Uvira: Mume wa dada yangu kule banamuandika alizaliwa 1 Januari juu alifika kambini bila karatasi. Tarehe yake ya kweli ni ingine. Aandike gani?

Aandike ile iliyo kwenye karatasi zake za Marekani, kila mahali, bila kubadilisha. Kuna ndugu zetu wengi wa tarehe 1 Januari, wale watu wanajua. Wakimuuliza aseme ukweli namna ilivyoandikwa. Asiende kutengenezesha attestation mpya hapa yenye tarehe ingine, nitamrudisha mlangoni kwangu, juu siku hiyo atakuwa na tarehe mbili na kazi zero.

Hakutaka jina: Kaka yangu anakaa kule kule Pennsylvania, mshahara unaishia kwenye mashine, watoto wanateseka. Hiyo bodi yenu inaweza kumsaidia?

Pole sana. Iko njia. Bodi iko na orodha ya kujifungia: mtu mwenyewe anaomba jina lake liwekwe, anachagua mwaka 1, miaka 5 ama maisha yote. Akishaandikwa haruhusiwi kukanyaga maeneo ya kamari, akikutwa anaweza kushtakiwa kwa kuingia pasipo ruhusa, na hata akishinda pesa ile hapewi. Lakini wewe huwezi kumuandikisha, wala mke wake, ni yeye na sinyatire yake. Kuna namba ya msaada inajulikana nchi nzima, 1-800-GAMBLER, mke wake anaweza kupiga hata leo, hiyo haihitaji ruhusa ya mume. Kwanza mshahara wa mwezi huu ulipe nyumba na chakula mbele ya yeye kuushika, mukubaliane hivyo. Kama atakubali kujiandikisha na Kiingereza kinamshinda, anitumie fomu, nitamtafsiria bure.